Nyangumi wa Juni 2010: kisa cha Twitter kuelemewa na Kombe la Dunia

Ijumaa tarehe 11 Juni 2010, dakika ya 55, Soccer City, Johannesburg. Siphiwe Tshabalala anaupata mpira upande wa kushoto, anauachia kwa guu la kushoto, na kipa wa Mexico anabaki kuusindikiza kwa macho. Bao la kwanza la Kombe la Dunia la kwanza kuchezwa Afrika. Aliyekuwa baa alimrukia jirani yake asiyemjua hata jina. Aliyekuwa mtandaoni aliandika neno moja lenye herufi "o" kumi na tano, akabonyeza kutuma.

Huyu wa pili ndiye aliyewakosesha usingizi wahandisi wa Twitter kule San Francisco mwezi mzima. Hakuwa peke yake: bao likiingia, mamilioni ya watu huandika katika sekunde zilezile, kisha hunyamaza hadi tukio lijalo. Kadi nyekundu, wimbi. Penalti, wimbi jingine. Na mara kwa mara kilichorudi hakikuwa twiti bali picha: ndege wanane wadogo wa rangi ya chungwa wakihangaika kumwinua nyangumi mkubwa mweupe aliyefumba macho, na maneno ya kuarifu kwamba Twitter imezidiwa.

Mchoro ule ulikuwa wa msanii Yiying Lu. Biz Stone, mmoja wa waanzilishi, aliukuta kwenye soko la picha la iStockphoto, na ulianza kutumika mwaka 2008. Watumiaji wakambatiza jina Fail Whale, yaani nyangumi wa kufeli, wakamvaa kwenye fulana, wakamtengenezea vikaragosi. Sijui huduma nyingine ambayo kugoma kwake kulipendwa namna ile. Nadhani upendo huo uliwaponza kidogo, maana mteja anayecheka hapigi kelele, na asipopiga kelele hata mwenye duka huchelewa kukarabati paa.

Tuanze na ukubwa wa mzigo. Aprili 2010, katika mkutano wake wa wasanidi programu, Twitter ilitangaza kuwa na akaunti zaidi ya milioni 105, watu wapya 300,000 kila siku, na twiti milioni 55 kwa siku. Kufikia Juni zilikuwa zimefika milioni 65. Ukizigawa kwa sekunde 86,400 za siku nzima, unapata kama twiti 750 kwa sekunde. Idadi hiyo haitishi. Twiti ilikuwa herufi 140, ujumbe mfupi wa simu tu. Mhandisi yeyote akipewa namba hiyo peke yake atakwambia ni kazi ya seva chache.

Lakini wastani ni mwongo. Tarehe 14 Juni Japani ilipoifunga Cameroon, twiti zilifika 2,940 kwa sekunde. Siku tatu baadaye Lakers walipotwaa ubingwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, 3,085. Tarehe 24 Juni, Japani ilipomaliza kazi dhidi ya Denmark, 3,283. Yaani zaidi ya mara nne ya kawaida, bila hodi, kwa nusu dakika au dakika moja. Na hizo ni zile zilizoingia tu. Kila twiti moja iliyoandikwa ilikuwa na watu wengi zaidi wanaofungua ukurasa kusoma wengine wanasemaje, na programu za simu zinazouliza kila baada ya muda mfupi, "kuna jipya?" Robo tatu ya matumizi ya Twitter wakati huo hayakupitia tovuti yake kabisa, yalipitia programu zilizotengenezwa na watu wa nje. Wengi waliokuwa wakiingia kwa simu hawakumwona hata huyo nyangumi maarufu. Waliona duara linazunguka, basi.

Ndani ya jengo hali ilikuwaje? Twitter ilizaliwa mwaka 2006 kama mradi wa pembeni wa kampuni ya Odeo, ikajengwa kwa Ruby on Rails, zana ya lugha ya programu ya Ruby inayomwezesha mtu kusimamisha tovuti kwa siku chache. Miaka minne baadaye ilikuwa moja ya mitambo mikubwa kabisa ya Rails duniani, na karibu kila kitu kilikuwa bado kwenye chungu kimoja: kuzungumza na hifadhidata (ghala la taarifa), kupanga twiti, kuchora kurasa, kujibu programu za nje. Wenyewe waliuita Monorail. Wahandisi wapatao 200 walikuwa wakichokonoa msimbo uleule. Aliyetaka kugusa ukurasa wa wasifu ilibidi awe mwangalifu asije akavunja utumaji wa twiti, na hakuna hata mmoja aliyeujua mtambo wote kichwani.

Mtambo ule ulihudumia watu hivi: kila seva iliendesha michakato kadhaa ya Ruby, na kila mchakato ulishika ombi moja tu kwa wakati. Mchakato ukiuliza kitu kwenye hifadhidata, unakaa unasubiri jibu, haufanyi jingine. Fikiria dirisha la benki ambapo karani akishapeleka hundi yako ndani ikasainiwe, anakunja mikono mpaka irudi, na foleni nyuma yako inafika barabarani. Siku hifadhidata iko sawa, hundi inarudi haraka na hakuna anayelalamika. Hifadhidata ikipata kikohozi, makarani wote wanakunja mikono pamoja. Kwa nje inaonekana seva hazitoshi. Ukiongeza seva, umeongeza makarani wa kukunja mikono.

Raffi Krikorian, aliyeongoza uhandisi wa jukwaa la Twitter, alieleza mwaka 2013 kwamba seva moja ya Ruby ilikuwa inamudu maombi 200 hadi 300 kwa sekunde. Alikiri pia kwamba kampuni ilikuwa imezoea kurushia tatizo mashine badala ya kulitafutia dawa. Ukweli huo alikuwa na haki ya kuuficha na hakuuficha, na kwa hilo namheshimu.

Sasa twende kwenye hifadhidata yenyewe, maana hapo ndipo penye kisa. Twiti zilihifadhiwa kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, zikagawanywa kwa wakati: hifadhidata moja inajazwa, ikishajaa inafunguliwa nyingine, na zile za zamani zinabaki nyuma. Kwa mantiki ya ghala ni mpango mzuri. Kwa mantiki ya Twitter ni balaa, kwa sababu watu karibu wote wanataka vilivyoandikwa sasa hivi. Kila anayeandika anaandika kwenye hifadhidata mpya kabisa, na kila anayesoma anasoma humohumo. Zile za zamani zinapiga miayo. Mtaa una mabomba kumi, maji yanatoka kwenye moja, na wote wamepanga ndoo hapo. Tena uandishi wote ulipitia seva kuu moja. Ukuaji ulipozidi, wahandisi walilazimika kufungua hifadhidata mpya mara kwa mara zaidi, kazi ya mikono iliyokuwa inawakimbiza wao badala ya wao kuikimbiza.

Kwa hiyo bao la Tshabalala, au la Honda wa Japani dhidi ya Cameroon, halikuielemea Twitter kwa sababu dunia iliandika mno. Liliielemea kwa sababu dunia iliandika kwa pamoja, na mtambo ulikuwa umejengwa kwa namna ambayo kila kilichofanyika kwa pamoja kilipitia mlango mmoja.

Wakati mashindano yanaendelea walifanya nini? Walichoweza. Walikiri hadharani katikati ya Juni kwamba kwa upande wa uthabiti ule ulikuwa mwezi mbaya kuliko yote tangu Oktoba iliyotangulia. Walikuta mtandao wao wa ndani, nyaya zinazounganisha seva na seva, umefika ukingoni na haukuwa unafuatiliwa ipasavyo. Wakauongezea uwezo maradufu na kugawa upya mzigo uliopita humo. Walipunguza idadi ya maombi ambayo programu za nje ziliruhusiwa kutuma kwa saa, hatua iliyowaudhi wasanidi waliokuwa wameijengea Twitter jina. Walizima vipengele fulani mechi zikichezwa. Usiku walikesha wakitafuta pa kubana. Kila walichookoa kililiwa na watumiaji wapya ndani ya siku chache. Fainali ya tarehe 11 Julai, bao la Iniesta wa Hispania dakika ya 116 lilileta twiti 3,051 kwa sekunde.

Kipenga cha mwisho hakikuwapa nafuu. Wiki iliyofuata hifadhidata ya watumiaji, ile inayokumbuka nani ni nani, ilipata hitilafu, na kuirejesha kulichukua zaidi ya saa 12. Hapakuwa na mpira wala bao siku hiyo. Ndipo unapoona kuwa Kombe la Dunia lilifichua ugonjwa uliokuwepo tayari.

Wengi wakisimulia kisa hiki humaliza kwa sentensi moja: Ruby ilikuwa polepole, wakahamia Java, lugha nyingine ya programu, wakapona. Nimeisikia kwenye vikao vya watengeneza programu wetu mara nyingi, kwa kawaida ikitumika kumkejeli kijana anayeanza na zana nyepesi. Nadhani haimtendei haki mtu yeyote. Bila zana nyepesi Twitter isingefika kwenye mkutano wa SXSW kule Austin, Machi 2007, ambako twiti kwa siku zilipanda kutoka 20,000 hadi 60,000 na jina likajulikana. Na lau wangetafsiri chungu kilekile neno kwa neno kutoka Ruby kwenda Java, wangepata chungu chenye kasi zaidi, kinachomwagika chote kwa pamoja vilevile.

Walichofanya ni kukivunja. Huduma ya twiti ikawa kitu chake, ya watumiaji kitu chake, ya mistari ya nyumbani (orodha ya twiti za watu unaowafuata) kitu chake, kila moja na timu inayoimiliki. Lugha ilikuja kama sehemu ya hilo: huduma mpya ziliandikwa kwa Scala na Java, zikaendeshwa juu ya JVM, mtambo wa programu unaoendesha lugha hizo, na zikaunganishwa kwa maktaba waliyoijenga wenyewe, Finagle, ambayo haimwachi karani akunje mikono. Akisubiri hundi, anamhudumia mteja mwingine. Seva moja ikapanda kutoka maombi 200 au 300 hadi kati ya 10,000 na 20,000 kwa sekunde. Dalili ilianza kuonekana kwenye utafutaji: Aprili 2011 waliondoa Ruby kwenye mlango wa mbele wa utafutaji wakaweka mfumo wa Java, na muda wa kusubiri majibu ukashuka mara tatu.

Kuvunja hifadhidata kulikuwa kugumu zaidi, na kikwazo chake ni kidogo hata kinachekesha. Ukitaka kutawanya twiti kwenye mashine nyingi badala ya moja, nani anatoa namba? Twiti zote zilikuwa na namba ya mfululizo kutoka MySQL, na namba hiyo ndiyo iliyopanga nani katangulia. Mashine mia zikijitolea namba zenyewe, zitagongana. Zikiulizana kabla ya kutoa, mmerudi kwenye bomba moja.

Tayari namba hizo zilikuwa zimeleta kioja mwaka mmoja kabla. Tarehe 12 Juni 2009 namba ya twiti ilivuka 2,147,483,647, kikomo cha namba ambayo kompyuta inaweza kuishika kwa biti 32 (nafasi 32 za sifuri au moja) ikiwa moja imetengwa kwa alama ya hasi au chanya, na programu kadhaa za nje zikaanguka kwa sababu waliozitengeneza hawakuwaza kwamba watu wangepiga soga kiasi hicho.

Jibu lilikuwa Snowflake, mfumo wa kutoa namba, iliyotangazwa Juni 2010, mwezi uleule wa nyangumi. Kila namba ina biti 64: moja haitumiki, 41 zinabeba wakati kwa milisekunde (sehemu ya elfu ya sekunde), 10 zinataja mashine iliyotoa, na 12 ni hesabu ndani ya milisekunde hiyo. Mashine 1,024, kila moja ikitoa hadi namba 4,096 kwa milisekunde, bila hata moja kumuuliza mwenzake. Mpangilio si kamili. Twiti mbili za milisekunde moja zinaweza kupishana. Walikubali. Nani atalalamika kwamba "Goooal" ya Mombasa imetokea juu ya "Goooal" ya Osaka wakati ziliandikwa kwa pamoja? Hapo ndipo nauona ukomavu wa timu ile: waliacha kung'ang'ania usahihi ambao hakuna mtumiaji aliyeuhitaji. Gharama nyingine iliwafikia watu wa JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, ambayo haiwezi kushika kwa usahihi namba kamili inayozidi biti 53, na ikabidi majibu kwa programu za nje yabebe namba mara mbili, mara moja kama namba na mara moja kama maandishi.

Limebaki suala la usomaji, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Ukifungua ukurasa wako wa nyumbani unataka twiti za watu unaowafuata. Njia moja ni kuzitafuta unapofungua: pitia watu 300, chukua za mwisho za kila mmoja, zipange. Njia ya pili ni kazi hiyo kufanywa mapema: mtu akiandika tu, nakala ya namba ya twiti yake inawekwa kwenye mstari wa kila mfuasi wake, ukifungua unaikuta tayari.

Fikiria kadi za mchango wa harusi. Unaweza kuzibandika pale kwa bibi harusi na kila mwalikwa akaja kuifuata yake, au ukamtuma kijana apeleke nyumba kwa nyumba. Kupeleka ni kazi, lakini mwalikwa akiuliza kadi iko wapi, iko mezani kwake. Twitter ilichagua kupeleka, kwa hesabu iliyo wazi: kufikia 2012 walikuwa wanapokea twiti kama 6,000 kwa sekunde huku mistari ikisomwa mara 300,000 kwa sekunde. Palipo na wasomaji hamsini kwa mwandishi mmoja, mbebeshe mzigo mwandishi. Mistari ikawekwa kwenye kumbukumbu ya kasi ya mashine kwa kutumia Redis, programu ya kuhifadhi data humo, namba 800 za karibuni kwa kila mtu, kila mstari ukiwa na nakala tatu ili mashine moja ikifa watu wasione pengo.

Halafu akaja Lady Gaga. Wafuasi milioni 31. Kijana wa kupeleka kadi anaanza asubuhi. Kwa akaunti za namna hiyo usambazaji uliweza kuchukua hadi dakika tano. Katika dakika hizo shabiki aliyeipata mapema ameshamjibu, na jibu lake, ambalo lina wafuasi 200 tu wa kufikiwa, linatangulia kwenye mistari ya watu ambao twiti ya Gaga mwenyewe haijawafikia. Watu wanasoma majibu ya swali ambalo hawajaliona. Dawa waliyoifuata ni ya mseto: kadi za jamaa wa kawaida zinapelekwa majumbani, za mastaa zinabandikwa ubaoni na kuunganishwa kwenye mstari wako wakati unapoufungua. Mafundi wengi wangetaka kanuni moja safi. Hapa kulikuwa na kanuni mbili na mpaka kati yake, na ikafanya kazi.

Mageuzi yote haya yalifanyika huku gari likitembea. Huduma mpya ilipewa sehemu ndogo ya watumiaji kwanza, ikaongezwa taratibu, na swichi walizoziita Decider ziliwawezesha kuzima kipengele chochote papo hapo bila kupeleka msimbo mpya. Kipengele kikichemka kinazimwa chenyewe, twiti zinaendelea. Wakati uleule walikuwa wanahamisha data zote kutoka kwa kampuni iliyowapangisha seva kwenda kwenye vituo walivyovisimamia wenyewe. Safari haikuwa laini: tarehe 26 Julai 2012, siku moja kabla ya Olimpiki ya London kufunguliwa, mifumo miwili iliyowekwa ili mmoja ukifa mwingine ushike ilikufa kwa pamoja.

Mtihani wenyewe ulikuja mwanzoni mwa Agosti 2013, tena kutoka Japani. Televisheni ilikuwa ikirusha filamu ya katuni ya zamani ambayo mashabiki wake wana mila: wahusika wakitamka neno "balse", neno la maangamizi, kila mtazamaji analiandika nao sekunde ileile. Twiti 143,199 zikaingia katika sekunde moja. Wastani wa kipindi hicho ulikuwa kama 5,700. Kilele cha Kombe la Dunia kilichokuwa kimewatoa jasho, ukikizidisha mara 43, bado hakijafika hapo. Watumiaji hawakuona hitilafu yoyote. Mwaka uleule nyangumi aliondolewa, na kwenye fainali ya 2014 kati ya Ujerumani na Argentina zilipita twiti 618,725 ndani ya dakika moja.

Lakini miezi minne kabla ya fainali hiyo, usiku wa tarehe 2 Machi 2014, Ellen DeGeneres, mshereheshaji wa usiku huo, alipiga picha na mastaa wenzake katikati ya tuzo za Oscar, akaiweka Twitter na kuomba watu waisambaze. Huduma ikayumba kwa zaidi ya dakika 20. Uandishi wa twiti mpya haukuwa tatizo safari hii. Walikuwa wameujengea mitambo ya kutosha. Ilikuwa twiti moja, yenye namba moja, na watu zaidi ya milioni moja waliotaka kuigusa hiyohiyo kwa wakati mmoja.